Sogea Kidogo, Uone Vizuri

Ibtisam ni jirani yetu hapa Mtoni. Baba yake ana duka la vitambaa, na yeye ana ukurasa mtandaoni wa kuonyesha watu sehemu nzuri za kuitazama bahari, kuanzia Mbweni mpaka Kigamboni. Mdogo wake, Yazid, ndiye aliyekuwa mpiga picha wake.

Mwaka jana Yazid alikwenda peke yake kwenye jabali moja huko Kigamboni, mchana kweupe. Akarudi mzima, ila bubu. Hospitali wakampima, hawakuona kitu. Miezi minne hajatamka neno.

Jumamosi moja Ibtisam akaaga. "Mama, naenda hukohuko."

"Mwanangu, unataka mnitoke wote?"

"Mie nimechoka kuogopa, mama."

Petro, mlinzi wa kiwanja kilicho jirani na jabali, alimwonyesha njia. "Sista, mie naishiaga hapa," akanong'ona. "Ukiitwa, usiitike."

Jua lilikuwa la utosi. Bahari ilimetameta chini ya jabali, nzuri hata Ibtisam akajikuta anatabasamu. Akainua simu, akapiga picha.

"Dada Ibti."

Sauti ya Yazid. Yake hasa, na kukwaruza kwake. Ilitokea mbele, kule ambako hapakuwa na kitu ila hewa.

"Sogea kidogo. Hapo huoni vizuri."

Mguu ukanyanyuka wenyewe. Ukatua. Ukanyanyuka wa pili.

"Kidogo tu, dada."

Kokoto zikaporomoka. Hakuzisikia zikifika chini.

Ibtisam akajibwaga chini, akakumbatia jiwe kwa mikono miwili.

"Sisogei!" akapiga kelele. "Hiyo sauti si yako! Irudishe!"

Upepo ukakata. Mawimbi yalipiga, lakini hayakutoa mlio.

"Dada, naogopa." Sasa ilikuwa inalia.

Hakuachia jiwe. "Irudishe. Siondoki hapa, hata jua lizame."

Kitu kikampumulia shingoni. Baridi.

Simu ikaita. Namba ya mama. Akapokea.

"Dada?" Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Rudi nyumbani." Nyuma yake mama yao alikuwa anapiga vigelegele huku analia.

Alitambaa kinyumenyume, akainuka, akamfuata Petro pale alipoishia. Petro alipomwona mgongoni, akarudi hatua mbili.

Kwenye baibui, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na alama ya kiganja cha maji ya chumvi. Vidole sita.

Picha ya jabali ameiweka kwenye ukurasa wake. Chini kaandika: "Pazuri. Njooni, ila mkae chini."

Baibui hakulitupa. Amelifua mara nyingi. Likikauka, chumvi inarudi palepale. "Nguo yangu," anasema, "nitaivaa."

Ijumaa nilimwona nalo. Mgongoni viganja vilikuwa viwili.