Unga Mweupe Katika Uji Wangu

Nilimwona kwa macho yangu mawili!

Mavyaa wangu Bi Shekha, mamake mume wangu Badi, alifungua fundo la leso yake, akachota unga mweupe, akaukoroga katika uji wangu...

Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni asinione.

"Kunywa, mwanangu," akaniambia aliponiletea. "Na usimwambie Badi."

Usimwambie Badi?! Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungekunywa?

Nilingoja ageuke, nikaumwaga chooni.

Ilikuwa mwaka 1986, Malindi, mtaa wa Barani. Nilikuwa naumwa na hakuna aliyejua nina nini. Nimekonda, natapika, nikisimama naona kizunguzungu. Ufizi umekuwa mweusi, na mistari ya viganja kama imechorwa kwa wanja. Na hamu ya chumvi! Nilikuwa naiweka mkononi nikiilamba, hadi jirani yangu Nana akanicheka:

"Tumu, we mbuzi?"

Mume wangu Badi alifanya kazi ya chumvi Gongoni, kwa hiyo nyumbani ilijaa tele. Lakini mganga akasema nina pepo, nisionje hata chembe mpaka atolewe. Badi akaapa mbele yake, akaifungia yote sandukuni.

Nikazidi kudhoofika. Kila chakula kilinishinda, isipokuwa uji wa Bi Shekha, wa ndimu na pilipili manga. Sasa nikajua kwa nini ulinikaa tumboni... kumbe una dawa! Anataka nife, amwozee mwanawe mke mwingine!

Kila asubuhi akileta, namwaga. Haukupita muda nikaanguka uani.

Nilipofumbua macho nilikuwa hospitalini, chupa ya maji imening'inia juu yangu. Dokta Musyoka alikuwa akiuliza nilikuwa nikila nini.

"Muulize huyu!" nikamnyooshea kidole Bi Shekha. "Amenitilia sumu!"

Badi akageuka. "Mama?!"

Bi Shekha alifungua fundo la leso, akachovya kidole, akalamba. Kisha akampa daktari, naye akaonja.

"Chumvi," akasema daktari.

"Chumvi?!"

"Nilimwona anavyoililia," akasema Bi Shekha polepole. "Na wewe Badi ushaapa kwa mganga. Ningefanyaje? Nimtazame tu mtoto wa watu akifa?"

Daktari akatueleza kwamba tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zangu zimeacha kazi, mwili hauwezi kushika chumvi. Ugonjwa wa nadra; yeye mwenyewe alikuwa ameusoma vitabuni tu. Ningemeza vidonge maisha yangu yote.

"Uji ndio uliokuweka hai," akaniambia. "Ulikuwa unakunywa kila siku?"

Nikalia...

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza," akasema, akinifuta uso. "Chumvi yenyewe haba, wewe waimwaga kwa machozi."

Daktari aliomba ruhusa ya kuandika habari zangu, madaktari wenzake wazisome.

"Na mimi utaniandika?" Bi Shekha akauliza.

"Bila jina, mama."

"Afadhali. Mganga ni jirani yangu, na bado nataka kualikwa arusi zao."

Wapenzi wasomaji, nyumba nzima ilitii amri iliyokuwa ikiniua. Aliyethubutu kuivunja ni mmoja, na ndiye niliyemwita muuaji mbele ya mwanawe.

Ukimshuku mtu, muulize kwanza. "Mama, umetia nini humu?" Maneno manne tu hayo. Sikuyasema.