Jina Ambalo Akwero Hakulitoa

Akwero aliuza simsim, yaani ufuta, katika soko la Kalerwe jijini Kampala. Kila asubuhi aliikaanga, akaisaga, akaipanga mezani katika vikopo. Kwa miaka mitatu meza yake ilikuwa mbele kabisa, kando ya barabara. Kisha mtoto wake, Laker, akaugua surua, na Akwero akakaa nyumbani wiki mbili kumuuguza.

Aliporudi sokoni, alimkuta Bisimwa, Mkongo muuza unga wa muhogo, amepanga magunia yake pale pale. Akwero akasukumwa nyuma, karibu na mtaro unaonuka. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Akwero alimpisha Bisimwa kwa miguu tu. Moyoni hakumpisha hata kidogo.

Siku hizo, chini ya utawala wa wanajeshi, sukari ilikuwa haionekani Kampala. Aliyekutwa ameificha alitiwa ndani ya buti la gari, na wengi hawakurudi. Naye Bisimwa alikuwa na sukari. Aliificha chini kabisa ya gunia la unga. Akwero aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Jumanne alikuja mtu wa miwani nyeusi na viatu vya soli nene. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kazi yake. Aliinama, akaonja simsim ya Akwero bila kuomba.

"Mama, hapa nani naficha sukari?"

Akwero akajishughulisha na vikopo vyake.

"Usiogope. Mimi nasikia mahali yako ya mbele walinyang'anya. Wewe sema jina moja tu, mahali yako itarudi. Ijumaa mimi nakuja."

Jina moja tu! Siku nzima lilikaa katika ulimi wa Akwero, tamu kama pipi.

Alfajiri ya Jumatano alipiga magoti, akaomba kwa sauti kama kawaida yake. "Bwana, unaona nilivyoonewa. Mwondoe Bisimwa mbele yangu. Amina."

Sasa, vyumba walivyopanga Akwero na majirani zake vilikuwa vya mstari mmoja, na kuta zake hazikufika kwenye mabati. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Upande wa pili aliishi Nafuna, mshona nguo, mmoja wa walokole wanaokutana kila wiki kuungama dhambi zao waziwazi. Hakupita muda, Nafuna akaja na kikombe cha chai, chungu kama chai ya kila mtu siku hizo.

"Mama Laker, nimesikia maombi yako. Kuna nini?"

Akwero akalia, akamweleza yote.

"Kumbe!" Nafuna akasema. "Ulikuwa unamtuma Mungu kazi ya yule mtu wa miwani."

"Mimi ni mwovu, Nafuna."

"Sikiliza. Jaribu likibisha hodi, hujakosa. Sisi sote tunabishiwa. Kosa ni kulikaribisha kwa kiti na chai. Wewe umelikalisha kitini tangu jana, na leo umelivika nguo za kanisani."

"Basi Ijumaa nitanyamaza."

"Hasira ikibaki, ulimi utakushinda. Umefanya vizuri kuniambia, maana jaribu linapenda kukaa na mtu peke yake. Sasa amua leo leo jibu utakalompa. Usingoje mpaka asimame mbele yako. Kisha nenda kwa Bisimwa, umwambie ulitaka kumtaja."

"Nafuna! Atanichukia!"

"Labda. Lakini ndivyo tunavyofanya sisi. Uliyemkosea moyoni, umwendee kwa miguu."

Akwero alikataa. Alifua, akapika, akarudi kukataa tena. Lakini Alhamisi asubuhi alijifunga kitenge, akaenda moja kwa moja penye magunia.

"Bisimwa, nilitaka kukutaja kwa mtu wa miwani, kwa sababu ya mahali pangu. Nimeungama kwa Mungu, na sasa naungama kwako. Sitakutaja. Kesho anakuja. Unisamehe."

Bisimwa akakaa juu ya gunia.

"Mama Laker, miye niko na batoto tano."

"Najua," Akwero akasema.

Ijumaa yule mtu akaja. "Jina?"

Jibu la Akwero lilikuwa tayari tangu Jumatano.

"Mimi nauza simsim, afande. Watu siuzi."

Yule mtu akaanza kupekua meza hadi meza. Alipofika kwa Bisimwa, alichoma fimbo katika kila gunia mpaka chini. Moja akalimwaga lote barabarani. Ulikuwa unga mtupu. Akaenda zake.

Hapo Akwero akaelewa. Bisimwa alikuwa ameiondoa sukari Alhamisi, baada ya kuambiwa. Kama Akwero angenyamaza tu bila kumwendea, ingekutwa.

Bisimwa akaacha unga wake barabarani, akaja kubeba meza ya simsim.

"Mama Laker, nilikamata mahali yako kwa nguvu. Unisamehe na miye. Kuja mbele, tutaenea."

Msidhani hasira iliisha siku hiyo. Ilibisha hodi mara nyingi, hasa magunia yalipoanza kusogea tena. Kila mara Akwero alimwambia Nafuna mapema, kabla haijapata kiti.

Na alfajiri ya Jumamosi ile aliomba kwa sauti kama kawaida yake. "Bwana, mlinde Bisimwa. Walinde watoto wake watano."

Kabla hajamaliza, sauti ikapita juu ya ukuta.

"Amina!"