Simu Iliyompamba Chiriku

Nyumba ya dobi utaijua kwa harufu yake: sabuni, mvuke na nguo mbichi. Mama wa hadithi hii alikuwa dobi, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda chake. Palikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, mabeseni mawili, na kikopo cha bluu ya kung'arisha mashati meupe. Kamba za nguo zilipita mbele ya dirisha, kwa hiyo hata mchana chumba kilikuwa na kiza kidogo.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka saba. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea hata na mashati yaliyoanikwa. Mama yake alikuwa akimwambia apumzike kidogo, ukuta nao umechoka kusikiliza.

Basi Chiriku huyo huyo akaanza kunyamaza.

Ilikuwa hivi. Yuko katikati ya maneno, ghafla anakatika. Macho yanaganda upande mmoja. Anaanguka, mwili unakakamaa, unatikisika, kisha unalegea. Baada ya hapo analala usingizi mzito, na akiamka hakumbuki kitu. Tena kila akiamka, maneno yake yamepungua. Mama aliligundua hilo kabla ya mtu yeyote, na lilimkata maini.

Walimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya uchovu. Aliuliza kutikisika kunaanzia wapi. Mama akasema mkono wa kushoto, baba akasema mwili mzima. Akauliza kama midomo inabadilika rangi. Mama akasema inakuwa ya bluu, baba akasema yeye hajaona bluu yoyote. Wakaanza kubishana pale pale, mtoto katikati yao, kimya.

"Mimi sipo linapotokea," daktari alisema. "Linaweza kuwa kuzimia tu. Linaweza kuwa kifafa. Matibabu yake ni tofauti kabisa. Nirekodieni video nilione kwa macho yangu."

Kisha akawafundisha la kufanya. Mtoto alazwe ubavu. Vitu vya kumwumiza viondolewe karibu yake. Asishikwe kwa nguvu, na asitiwe kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, iwe kidole. Mmoja abaki na mtoto, mwingine ndiye arekodi. Kama mzazi yuko peke yake, aachane na simu, amshughulikie mtoto. Na hali ikizidi dakika tano, wamkimbize hospitali.

Njiani baba alisema hiyo video aachiwe yeye. Simu yake ilikuwa mpya, pana kama kigae, na nyuma ilikuwa na macho matatu ya kamera. Aliipenda, nakwambia! Aliifuta kwa leso hata akiwa na masizi hadi masikioni. Simu ya mama ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka kwenye kona.

"Hiyo yako ni ya kusemea haloo tu," alimtania. Mama akacheka. Alikubali, na kukubali kwake kuliwagharimu.

Siku moja mchana baba alikuwa amekuja kula. Mama alikuwa akipiga pasi. Chiriku akakatika. Simu ya mama ilikuwa pale mezani, mkono ungeifikia bila hata kunyooka. Lakini hakuigusa. Alimlaza mtoto ubavu na kumwita mumewe alete ile kubwa. Mume akanawa mikono, akaifuta, akaifungua, akasimama mlangoni na kurekodi kutoka huko. Mwanzo wote ulikuwa umeshapita.

Daktari aliitazama video ile, akairudia. Akaona mtoto aliyelala ubavu, mashavu laini, midomo ya waridi.

"Hapa naona mtoto amelala," alisema. "Na rangi yake ni nzuri."

Akasema kwa sasa watalichukulia kama kuzimia. Mtoto ale vizuri, anywe maji ya kutosha, apumzike. Wakiona lolote warudi.

Jioni mama aliitazama video hiyo peke yake. Aliona mtoto mzuri, amependeza kama anayepelekwa sherehe. Ile bluu aliyoiona kwa macho yake haikuwapo. Mumewe akamwambia kwa upole kwamba huenda hofu ndiyo iliyomwonyesha. Hakuwa na nia mbaya, lakini kauli ile ilimchoma. Mama alianza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, hakuna upweke unaozidi huo.

Kisha likatokea lile ambalo hakuna aliyetaka kulisimulia baadaye. Chiriku alikuwa amesimama kando ya meza. Alipoanguka, mkono wake ulinasa waya wa pasi. Pasi ikamfuata. Mama aliinyakua upesi kadiri alivyoweza, lakini ngozi ya mkono wa mtoto ilikuwa imeshaungua, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Chiriku hakulia. Hakuwa na habari. Aliyelia ni mama, mpaka majirani wakajaa mlangoni.

Miongoni mwao alikuwa mwanamke mpiga picha. Kibanda chake kilitazamana na nyumba yao, na wote walimwita Mama Picha. Alipiga picha za pasipoti, alirekodi harusi na misiba, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku ile lakini hakuleta mzaha: mtoto aliporudishwa kutoka zahanati, alikaa kitako, akautazama mkono uliofungwa bendeji. Watu walipoondoka, na baba amesharudi kutoka kazini, akaomba aonyeshwe ile video.

Aliitazama mara mbili. "Huyu nani?"

"Shoga, si Chiriku huyo," mama alijibu.

"Huyu si Chiriku. Chiriku ana kovu la tetekuwanga hapa shavuni. Liko wapi?"

Wakainama wote watatu kwenye kioo. Kovu halikuwapo.

Mama Picha akawaeleza taratibu. Simu nyingine huwa na sehemu ya kurembesha sura. Inajiwasha yenyewe, mwenye simu hana hata habari. Inafuta makovu, inalainisha ngozi, inatia midomo rangi. Kwa picha za kujipodoa ni sawa. Kwa mgonjwa, inampaka afya asiyokuwa nayo.

"Msinisadiki mimi. Tujaribu," alisema.

Akachovya kidole kwenye kikopo cha bluu ya dobi, akaichanganya na maji mpaka ikafifia, akajipaka mdomoni. Siku nyingine wangevunjika mbavu. Akakaa pale pale alipoangukia mtoto, kwenye kile kiza. Akamwamuru baba amrekodi kwa simu mpya, kisha kwa ile kuukuu. Asimame mahali pale pale na ahesabu hadi kumi kila mara ili muda ulingane, maana simu mbili hazilinganishwi kila moja ikiwa mahali pake.

Wakazitazama video zote mbili. Kwenye simu mpya, Mama Picha alikuwa bibi harusi. Kwenye ile iliyopasuka, picha ilikuwa na chenga, lakini midomo ilikuwa ya bluu.

Mama aliketi sakafuni. "Niliona," alisema. "Niliiona kwa macho yangu."

"Uliona, mke wangu," baba alisema. "Nisamehe."

Mama Picha hakuwaacha wazame kwenye machozi. Aliizima sehemu ya urembo, wakajaribu tena. Safari hii simu mpya ilitoa picha safi kuliko ile kuukuu, na bluu ilionekana wazi. Lakini yeye akauliza swali ambalo hawakuwa wamejiuliza: mchana, simu hii inakuwa wapi? Ilikuwa mfukoni mwa baba, kwenye karakana. Akawaambia simu nzuri kuliko zote haina faida ikiwa haipo mtoto anapoanguka.

Wakaanza kazi. Kamba za nguo zikahamishwa kutoka dirishani, mwanga ukaingia. Pasi ikapata meza yake kwenye kona, na waya wake ukafungwa juu ukutani. Mama Picha akawafundisha kufuta lenzi, kuhakikisha simu ina chaji na nafasi, kuanza kurekodi mara tu dalili ikianza, kusimama karibu, kuonyesha uso kwanza kisha mwili mzima, kutokuwa na dirisha nyuma ya mtoto, na kutaja kwa sauti wanachokiona. Tena waipeleke simu yenyewe kwa daktari, kwa sababu video ikitumwa kwa ujumbe hubanwa na kupoteza ubora wake.

Kesho yake asubuhi baba aliondoka kwenda kazini. Mama alikuta simu pana juu ya rafu, imefutwa, imejaa chaji. Ile ya haloo, yenye kioo kilichopasuka, haikuwapo. Mumewe alikuwa ameichukua yeye.

Lilipotokea tena, ilikuwa siku ya mapumziko, wote wakiwa nyumbani. Baba alimlaza mtoto ubavu. Mama alirekodi. Usidhani ni jambo dogo, kumwelekezea mwanao simu huku anatikisika. Kila kiungo chake kilitaka kuitupa simu na kumkumbatia. Alijikaza kisabuni, akasogea karibu, akasema kwa sauti iliyokauka: "Macho yameenda kushoto. Mkono wa kushoto umeanza. Midomo inageuka bluu."

Daktari hakuhitaji kuitazama hadi mwisho. "Huku si kuzimia," alisema. "Hiki ni kifafa, na kinaanzia upande mmoja." Akaagiza kipimo, akaandika dawa. Akawaonya isikatishwe hata mtoto akionekana amepona, na warudi kila watakapoitwa. Kisha akamtazama mama, akamwambia kwamba mara ya kwanza alisema kweli.

Dawa haikufanya miujiza. Chiriku alianguka tena, kisha akakaa muda mrefu bila kuanguka. Kovu la mkono lilibaki, limekunjamana, na mama huligusa kila anapomwogesha.

Maneno yalirudi polepole. Siku moja Chiriku aliomba arekodiwe akiwahutubia mashati. Mama aliishika simu, mkono ukakataa kunyanyuka. Mara ya mwisho alipoishika hivyo, ilikuwa kwa jambo jingine. Akajilazimisha. Chiriku akaongea. Akaongea mpaka simu ikakoma na kusema haina nafasi tena.

Mama akafungua video za zamani. Ya mtoto anayetikisika, midomo ya bluu, aliiacha. Akaifuta ile ya mtoto mzuri aliyelala.

"Haya," alisema. "Endelea."