Wingu Lililoliwa

YAH: HARUFU ISIYO RASMI KATIKA JENGO LA MRADI.

Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha barua ambayo Kilian Kapinga, Mratibu wa Mradi wa Utafiti wa Mawingu, aliiandikia makao makuu Dar es Salaam mvua zilipokuwa zinaanza. Alieleza kwamba chumba cha nyuma kinanuka tope la ziwani, kwamba harufu hiyo haikuwapo wakati jengo linapokelewa, na kwamba anaomba dawa ya kusafishia. Makao makuu walijibu kwa kasi isiyo ya kawaida yao, wakitaka kujua harufu hiyo ilianza chini ya kasma ipi ya bajeti.

Ilikuwa miaka ile ruhusa zilipofunguka. Duka la ushirika la kijiji cha Lundo lilikuwa limegeuka banda la mbuzi, mitumba ilikuwa imewafikia hata makatekista, na kina "ndugu" walikuwa wanageuka kina "bwana" bila sherehe yoyote. Mtu binafsi aliweza kumiliki basi, na akijaliwa, ndege. Kwa hiyo serikali ilipotaka kujua kwa nini mawingu ya Ziwa Nyasa siku nyingine hupanda milima ya Umatengo na siku nyingine hususa, haikununua ndege. Ilikodi. Ilikuwa ya injini mbili, mlango wa nyuma umeng'olewa na kuwekwa ubao wa kuteleza, ili vibao vya vioo vilivyopakwa mafuta vitolewe nje kunasa matone ya wingu. Rubani wake, Kapteni Egidi, alikuwa mwanajeshi mstaafu asiyeuliza maswali, sifa aliyotoka nayo jeshini na ambayo kampuni binafsi iliilipa vizuri zaidi.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya bati kando ya kiwanja cha majani, Lundo. Kilian aliishi vyumba vya nyuma na binti yake Beata, aliyekuwa ametoka shule Kigonsera kwa likizo. Mama yake Beata alishazikwa Mbinga, na Kilian hakuwa na mwingine duniani. Mpishi alikuwa Mama Gertruda, Mnyasa wa palepale Lundo, mjane. Mumewe alizama na mtumbwi na ziwa halikumrudisha.

Ziwa lile lina mawingu ya aina mbili. La kwanza ni maji, na hilo ndilo lililokuwa kwenye mkataba. La pili ni nkungu: vijidudu vidogo kuliko mbu, visivyouma, ambavyo hutoka majini kwa pamoja na kupanda mpaka vikawa nguzo ya moshi inayotembea. Nguzo ikifika ufukweni, wanawake hutoka mbio na sufuria zilizopakwa mafuta, wakazipunga hewani, vijidudu vikanasa, wakavitwanga na kuvifinyanga kuwa mikate myeusi. Chakula kizuri. Kina sharti moja tu. Sufuria ya kwanza haipikwi. Inarudishwa majini, bila maneno, kwa sababu ni ya wenyewe. Wenyewe ni nani, haiulizwi.

Siku moja Kilian aliiona nguzo kutoka ndegeni, mchana kweupe, pana kuliko kijiji.

"Lile wingu halimo kwenye kitabu," alisema.

"Basi tulikwepe, Mkuu," alisema Egidi.

"Tuliingie."

Waliingia. Vioo vikawa vya kahawia, injini zikakohoa, na katikati ya ngurumo Kilian alisikia kitu kama watu wengi wanaozungumza kwa mpigo mmoja kikaoni, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Alikuwa amehudhuria vikao vingi. Hakushtuka.

Walipotua, alikwangua vibao kwa mkono wake, akajaza chupa, akazitia lakiri na namba. Lakini mabawa na pua ya ndege vilikuwa vimefunikwa tabaka nene, na Mama Gertruda alikuja na beseni.

"Bosi, nyama yote hii mnaiacha ioze?"

"Hiyo ni takataka, Mama Gertruda. Sisi Wamatengo hatuli nzi."

"Nzi ndio wanawala ninyi huko milimani. Hawa ni samaki waliokosa maji." Akazitazama zile chupa. "Na hizo ndizo za kwanza?"

"Ndizo za kwanza," alisema Kilian, na alisema kweli.

Mama Gertruda akatulia. Haikumpitia akilini kwamba mtu mzima, aliyelelewa na baba na mama, anaweza kuchukua ya kwanza akaiweka kabatini. Alijua wataipandisha kesho na kuimwaga. Akajaza beseni, akatwanga, akachoma. Kilian hakugusa. Beata alikula mpaka akalamba kikaango.

Harufu ilianza kesho yake. Baada ya harufu ukaja mvumo, saa ya chakula cha mchana, mdogo, kama redio iliyoachwa wazi stesheni ikiwa imefunga. Kilian alizima redio. Alitoa betri. Mvumo ukaendelea, akaufuata ukutani, akaufuata kabatini, akaufuata mpaka pembeni mwa chumba cha nyuma, ambako Beata alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mikono imening'inia, mdomo wazi kabisa.

"Beata. Mwanangu."

"Wananong'ona humu, Baba," alisema mtoto bila kugeuka wala kufumba mdomo. "Wanauliza utawarudisha lini."

Padre aliitwa, akaja na maji ya baraka. Kile kitu kilichomwingia mtoto kilimjibu kwa Kilatini, na padre, ambaye Kilatini chake kilikuwa cha kusoma, alirudi parokiani akisema anakwenda kutafuta kamusi. Asubuhi iliyofuata Kilian alikunywa chai na kitu kigumu kikamgonga kwenye ulimi. Lilikuwa jino. Beata alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama kwa udadisi, kidole bado kina damu, na alipotabasamu palikuwa na pengo.

"Ni tamu, Baba?" sauti nyingi ziliuliza.

Siku iliyofuata lilikuwamo lingine. Kilian aliacha chai; akalikuta kwenye ugali.

Ndipo alipoitwa Maalim Twaha wa Mbamba Bay, mzaliwa wa Kilwa, aliyeuza kanga mbele ya duka na kupunga majini nyuma yake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Bwana Kapinga. Funga dirisha."

Alifukiza ubani, akakaa mkekani mbele ya mtoto, akanong'ona kama anayezungumza na mgonjwa aliyelala.

"Mwenzangu ni nani?"

"Tu wengi."

"Mwataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Chetu. Cha kwanza."

Mlangoni Mama Gertruda alishika kichwa. "Hamkurudisha? Bosi, kweli hamkurudisha?"

Maalim Twaha alipumua kwa nafuu. "Una bahati, bwana. Majini ya kwetu Kilwa yangetaka dhahabu na ng'ombe mwekundu. Hawa wanataka vijidudu vyao tu. Zipandishe chupa, mzimwage palepale mlipochota. Mtoto atacheza rede kesho."

Kilian alikohoa. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayeeleza jambo la aibu, alieleza kwamba chupa zile zimeshaingizwa kwenye daftari la mali. Kwamba wafadhili wameshaarifiwa namba zake na wanazisubiri. Kwamba bila chupa hakuna awamu ya pili, na bila awamu ya pili hakuna mratibu. Na kwamba hata angetaka, kufuta mali ya mradi kunahitaji kamati, kamati inakaa Songea, na mwenyekiti wake yuko masomoni.

"Hata moja isibaki?" aliuliza.

"Hata moja."

"Hakuna mbadala?"

"Nyamaza!" Maalim Twaha alimshika mkono. "Swali hilo haliulizwi humu ndani. Wanasikia."

Lakini lilikuwa limeshaulizwa. Mvumo ulikatika. Beata aligeuza shingo polepole, akampita baba yake kwa macho, akampita Maalim, akatua mlangoni.

"Mtu, basi," zilisema zile sauti, kwa upole. "Huyo aliyetupika."

Maalim Twaha aliondoka bila kusubiri chakula, ubani wake bado unawaka.

Alasiri nzima Kilian alipekua kanuni. Kwa chupa palikuwa na kamati. Kwa meza iliyovunjika mguu palikuwa na kamati. Kwa kibarua kama mpishi hapakuwa na kitu.

"Mama Gertruda," alisema jioni, "kesho utapanda ndege."

"Mimi? Na mwili huu? Itakataa!"

"Ni kuwapa watumishi motisha."

"Motisha ndiyo nini, inaliwa?" Alicheka, kisha akaacha. "Mnapeleka chupa?"

"Tunapeleka."

"Afadhali. Mtoto ataisha meno." Alifuta mikono kwenye kanga. "Bosi, huko juu mtu anaona chini ya maji?"

"Yakitulia."

"Basi nitapanda. Pale alipokaa mwanaume wangu napapita na mtumbwi miaka yote, sijawahi kupaona."

Alikuja amevaa sare yake ya kanisani, imepigwa pasi. Kilian alimpa koti la mradi, maana juu kuna baridi, na kisanduku cha kupakata. Alikipakata kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo.

Ndege ikapaa, Lundo ikawa bati chache zinazometameta, mitumbwi ikawa mbegu za boga, na Mama Gertruda, ambaye mwanzoni alifumba macho na kuwataja watakatifu wote aliowajua na wengine wawili aliowakisia, aliyafumbua na hakuyafumba tena, akaegemea kioo, akatafuta ile miamba miwili aliyoijua kwa majina, akaiona, na kati ya miamba akaona maji yalivyobadilika kuwa meusi ghafla kama mlango, akasema kwa Kinyasa kitu ambacho Kilian hakukielewa, huku machozi yanamtoka na mdomo unacheka. Na hapohapo, chini yao, ziwa lililokuwa limetulia lilianza kufuka, uzi mmoja wa moshi, kisha kumi, kisha nguzo nzima iliyopanda wima bila upepo, haiyumbi, haitawanyiki, inaifuata ndege kama mtu anayenyoosha mkono kupokea, na ule mvumo ukaingia ndani kupitia kwenye bati, kwenye viti, kwenye meno.

"Wamefika," alisema Mama Gertruda. "Fungua, Bosi, tumwage."

Kilian alisukuma ubao. Upepo ukaingia. Mama Gertruda alifungua kisanduku, akatazama ndani, akapapasa pembe zake, kisha akamtazama Kilian kwa huruma, kama unavyomtazama mwanafunzi aliyesahau kalamu siku ya mtihani.

"Bosi wangu, umezisahau chupa."

"Nimezisahau," alisema Kilian. "Naomba koti, Mama. Ni mali ya mradi."

Alilivua. Alilikunja vizuri, akampa.

Beata alipona saa ileile. Walipotua walimkuta jikoni anatafuta ugali, macho yake mwenyewe, sauti yake mwenyewe, isipokuwa meno ya mbele.

Alasiri hiyo nguzo ilikuja Lundo, nene kuliko wote walivyopata kuiona. Wanawake walitoka na sufuria. Walipoanza kutwanga, mmoja akasimamisha mchi, na mwingine, na mwingine, kwa maana ndani ya vinu kulikuwa na sauti wanayoifahamu, inaita kwa adabu: Bosi, Bosi. Walitazamana. Walichota kikombe kimoja zaidi, wakakimbia kukimwaga majini. Kilichobaki walikipika. Ulikuwa mwezi wa njaa.

Usiku wa chakula hicho Beata aliweka kijiko chini.

"Baba, Mama Gertruda anauliza kwa nini ulimvua koti kwanza."

Kilian hakuwa amemweleza mtu habari ya koti.

"Anasema huko chini kuna baridi. Anasema atakuja kulichukua mwenyewe, usihangaike." Akaendelea kula, kwa upande wa meno yaliyobaki.

Tangu hapo harufu ilihama chumba cha nyuma ikakaa kwenye kabati la nguo la Kilian. Hakuiandikia barua. Chupa zilifika Ulaya salama, wafadhili wakazifungua, wakaona si wingu bali vijidudu, wakazitupa bila kamati. Awamu ya pili iliidhinishwa kwa sababu nyingine.

Taarifa ya watumishi ya robo ile inasema kwamba mpishi wa mradi aliacha kazi kwa hiari yake bila kukabidhi vyombo.

Hakuacha kazi. Kilian Kapinga alimsukuma kutoka kwenye ndege, juu ya Ziwa Nyasa, mchana, akiwa hai, na Kapteni Egidi aliiinamisha ndege ili iwe rahisi.