Marahaba ya Darajani

Jua lilikuwa linaelekea milimani Mheshimiwa Cosmas alipomwambia mkewe kwamba anakwenda Zombo mara moja kuchukua mchele.

"Kwa pikipiki?" Hildegarda akauliza. Alikuwa barazani anachambua maharage. "Mbunge mzima?"

"Gari linajulikana, Mama Happiness. Nikisimama nalo mahali, watu wanajaa na shida zao."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Ndani ya koti lake, upande wa moyo, kulikuwa na chupa ya maji iliyobaki nusu. Maji yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya Bonifas.

Huyu Bonifas kwa miaka kumi alikuwa mtu wa Cosmas wa kipaza sauti. Ndiye aliyekuwa akipanda jukwaani kwanza, watu wakiwa bado wanapiga soga na wengine wanamenya miwa, akawaita kwa sauti yake nzito yenye utamu fulani hivi mpaka kinamama wakaweka watoto chini ili wapige vigelegele vizuri. Akishawachemsha, anasema, "Na sasa, mbunge wenu!" Cosmas anapanda, anakuta uwanja unatetemeka, na moyoni anajiambia: ama kweli hawa watu wananipenda.

Mwaka huu Bonifas naye alichukua fomu ya ubunge.

Ndipo Cosmas alipogundua vile vigelegele vilikuwa vya nani.

Katika chama chao, kabla wajumbe hawajapiga kura za kumpata mgombea, watia nia wote huzungushwa kwenye kata ndani ya gari moja. Eti wasipate nafasi ya kuchafuana. Kwa hiyo mbunge na aliyekuwa mtu wake wa kipaza sauti walikaa kiti kimoja, bega kwa bega, wakila mahindi ya kuchoma kwenye gazeti moja kwa sababu dereva alisimama mara moja tu. Kila wakifika mahali, Kidodi, Ulaya, Kisanga, Bonifas alitafuna kipande cha tangawizi mbichi, akanywa maji kidogo, akasimama. Akisema "Ndugu zangu" tu, basi. Vigelegele hivyo. Wazee wanagonga fimbo chini. Cosmas akija nyuma yake na habari za zahanati na visima alivyochimba kweli, wajumbe wanapiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mgeni rasmi kwenye mahafali.

Wivu ukamkaa Cosmas kifuani. Sizungumzii wivu wa kununa siku mbili ukapita. Huu ulimlaza macho wazi, akirudia kichwani kila kigelegele alichopigiwa mwenzake, mahali kilipotokea na mama aliyekipiga. Na usiku mmoja Hildegarda, bila ubaya wowote, alisema, "Jamani huyo Bonifas ana sauti! Hata akisoma tangazo la msiba, unataka aendelee." Alisema akitabasamu gizani. Cosmas hakumwona, lakini alilisikia lile tabasamu.

Kesho yake alipopata nafasi, aliichukua ile chupa kwenye gari.

Mganga wa Zombo, Kasiani, hakuwa na kibuyu wala mkia wa nyumbu. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa jezi ya mpira, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya bati, simu yake ikichaji kwenye paneli ya sola. Alimpokea mbunge kama mtu anayempokea fundi aliyechelewa.

"Unataka afe?"

"Hapana!" Cosmas alishtuka. "Sitaki kifo cha mtu. Nataka... wanavyompenda yeye, wanipende mimi."

Kasiani alinyoosha mkono, akapokea chupa. "Kifo kingekuwa rahisi," akasema, akaingia ndani na ile chupa.

Alipotoka, maji yalikuwa yale yale kwa macho. Harufu ndiyo ilikuwa imegeuka. Yalinuka tangawizi, na chini ya tangawizi kulikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa.

"Kunywa yote. Halafu nenda nyumbani. Ulichokunywa kitakufuata njiani kikitaka kujua wewe ni nani kwake. Usikisemeshe. Usimsemeshe yeyote mpaka uvuke mlango wako."

"Nikisalimiwa?"

"Nyamaza."

"Kasiani, huu ni wakati wa kura. Siwezi kumpita mtu..."

"Nyamaza, Mheshimiwa," mganga alisema taratibu. "Walau leo tu, nyamaza."

Akanywa. Akapanda pikipiki.

Giza lilikuwa linaanza kushuka kwenye mashamba ya mpunga. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alivaa kofia ya pikipiki, kioo kimeteremshwa, nani angemjua? Aliwapita wakulima wanaorudi na majembe. Mmoja alipunga mkono. Cosmas aliuma ulimi akapita, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyodhani, maana yule bwana alikuwa mjumbe, na kura yake Cosmas alikuwa anaitegemea.

Alipokaribia daraja la mto Miyombo, vyura walikuwa wanapiga kelele kama kawaida yao.

Wakanyamaza.

Wote... kwa pamoja.

Katikati ya daraja alikaa bibi kizee, mzigo wa kuni pembeni yake. Hakusogea. Taa ya pikipiki ilimpiga usoni, na hakupepesa jicho. Cosmas alilazimika kusimama.

"Mwanangu," bibi alinong'ona. "Nitwishe."

Kumtwisha mtu mzigo si kuongea, Cosmas alijiambia. Akashuka. Akainama, akaushika mzigo wa kuni ili amwekee kichwani.

Ulikuwa mwepesi. Haukuwa na uzito kabisa. Alikuwa kama ameinua kapu tupu.

Na zile kuni zilinuka tangawizi.

Alimwekea haraka, akageuka kurudi kwenye pikipiki. Nyuma yake akasikia yule bibi akicheka kidogo, kicheko cha bibi yeyote wa kijijini anayesikitika.

"Ndiyo viongozi wetu hao," alisema. "Wakishapata, hata shikamoo hawana tena."

Laiti angekuwa mwalimu, au fundi baiskeli, au mtu mwingine yeyote! Lakini alikuwa mbunge wa vipindi viwili, mwaka wa uchaguzi, amesimama mbele ya mzee anayelalamika. Kwa miaka kumi alikuwa ameamkia kila chenye mvi, vilabuni, misibani, mpaka usingizini. Maneno yalimtoka kabla akili haijafika.

"Shikamoo, bibi."

Upepo ukatulia.

Bibi akageuka polepole na kuni zake kichwani. Akafungua mdomo usio na jino hata moja.

"Marahaba," akasema.

Kwa sauti ya Bonifas.

Cosmas hakumbuki alivyofika nyumbani Mikumi. Alivuka mlango wake akihema, akaufunga kwa komeo, akampita mkewe mpaka chumbani. Hildegarda alimfuata na taa ya simu mkononi. "Mchele uko wapi?" aliuliza. Cosmas alijitupa kitandani. Alijifunika shuka mpaka kichwani, akasingizia tumbo kwa mikono.

Asubuhi gari la chama lilipopita kumchukua, alipanda, akajibana kiti cha dirishani. Bonifas aliingia, akamwamkia kwa kuinamisha kichwa tu. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni.

Mkutano ulikuwa Tindiga. Zamu ya Bonifas ilipofika, alitafuna tangawizi yake, akasimama, akashika kipaza sauti. Wajumbe wakatulia kama wanavyotulia watoto wakisubiri hadithi. Akafungua mdomo.

Kimya.

Alijaribu tena. Mishipa ya shingo ilimtoka, machozi yakamlenga, na midomo ikawa inaendaenda bila hata mkwaruzo. Mama mmoja alianza kulia. Mwenyekiti alimshika bega, akamkalisha, akaita jina la Cosmas.

Cosmas alisimama. Tangu darajani hakuwa amesema neno.

"Ndugu zangu..."

Uwanja ukashtuka. Hata yeye alishtuka. Sauti ilitoka nzito, yenye ule utamu, ikapita juu ya vichwa vya watu na kurudi. Wajumbe walitazamana. Kijana mmoja alicheka akidhani mbunge anamwigiza mwenzake. Kisha kwenye mstari wa nyuma kikapanda kigelegele, kikadakwa na kingine, na kingine, mpaka vikajaa uwanja mzima. Cosmas alifumba macho, akavinywa. Alikuwa na furaha, acha niseme ukweli. Alikuwa na furaha iliyompofusha.

Alipofumbua macho aliona kinamama wengi nao wamefumba yao. Wanamsikiliza hawamtazami. Wanamtazama mtu mwingine ndani ya vichwa vyao.

Alishinda kura za maoni Kilosa kwa mbali, na wananchi walipopiga kura zao hakuna aliyemkaribia. Alipita akisifiwa kila mahali. Na kila aliyemsifia alimsifia hivi: "Mheshimiwa, siku hizi una sauti kama ya yule kijana wako Bonifas. Maskini, yuko wapi?"

Yuko wapi? Alikuwa kwa Cosmas. Tangu siku matokeo yalipotangazwa, kila jioni Bonifas alikuja kukaa kwenye baraza lake. Hakuomba kitu. Hakuna aliyemfukuza, maana alikuwa mtu wa nyumbani kwa miaka, na Hildegarda alimwonea huruma akamletea chai. Aliketi, akatazama mlango. Na Cosmas aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kila yeye alipoongea ndani, midomo ya Bonifas kule nje ilikuwa inacheza. Maneno yale yale. Kwa wakati ule ule.

Baadaye ikawa si wakati ule ule. Midomo ya Bonifas ilikuwa inatangulia kidogo.

Cosmas alikimbilia Zombo, safari hii kwa gari lake, bila kujali nani anamwona. Kasiani alimsikiliza amesimama.

"Ulimsemesha nani njiani?"

"Bibi mmoja. Darajani."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Ndiyo."

Kasiani alivuta kiti chake cha plastiki nyuma, mbali na mgeni wake. "Ungenyamaza, kingefika kwako kikiwa hakijui mkubwa ni nani, ukakitawala. Sasa wewe mwenyewe umekipa shikamoo. Kimepokea. Mkubwa ni chenyewe."

"Kitoe basi!"

"Mimi?" Mganga alitikisa kichwa. "Mtoto hatumwi kumfukuza mkubwa wake. Na huyo bibi mimi simjui. Sijawahi kumtuma mtu darajani."

Cosmas alirudi Mikumi jua likizama. Kesho yake alitakiwa kusafiri kwenda Dodoma, na baada ya hapo angesimama bungeni kula kiapo. Hakuweza kufikiria kiapo kile kingetoka kwa sauti ya nani, wala kingesema nini. Bonifas alikuwa barazani tayari, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Hildegarda alikuwa ndani, anakunja mashati ya safari.

Cosmas alisimama mlangoni, kati yao. Aliamua hatasema kitu. Akaubana mdomo wake, akaufunika kwa kiganja.

Bonifas aliinua uso. Midomo yake ikafunguka taratibu.

Koo la Cosmas likatetemeka. Alibana meno. Alijiziba kwa mikono yote miwili mpaka kucha zikamchubua shavu, na bado ilipita, ikatoka katikati ya vidole vyake, laini, nzito, kwa jina ambalo yeye hakuwahi kumwita mkewe tangu alipomzalia Happiness.

"Hilda..."

Ndani, mikono iliyokuwa inakunja mashati ikatulia.

"Abee," akaitika.

Katika ndoa yao yote Cosmas hakuwahi kuitikiwa hivyo. Wivu ukamchoma, mkali kuliko hofu yenyewe. Hildegarda alitoka akijifunga khanga upya, akitabasamu lile tabasamu ambalo mumewe alikuwa amelisikia tu gizani. Alimpita mlangoni bila kumtazama. Akaenda barazani, akaketi kando ya Bonifas.

"Mke wangu, rudi ndani," Cosmas alitaka kusema. Alifungua mdomo, akasukuma pumzi yote aliyokuwa nayo.

Bonifas alikuwa amefumba midomo yake.

Haikutoka hata sauti moja, na Hildegarda hakugeuka.