Peaslee Aliyeamriwa Kuhama

Kila asubuhi Lydia Peaslee alikwenda shule kwa njia ya makaburini, ingawa ilikuwa ndefu, ili jirani yake Drita, aliyefuatana naye, aone majina ya akina Peaslee kwenye mawe.

"Haya, jina la kwenu liko wapi?" alimuuliza.

Drita aliendelea kutembea. Baba yake alitoka Albania miaka kumi na minne tu iliyopita, akafungua duka la piza pale mjini kwao, Ashbury.

Siku moja Mwalimu Corliss aliwataka wanafunzi watafute habari za mji huo enzi za ukoloni wa Waingereza, wawili wawili. Lydia alipangwa na Drita. Akabetua midomo.

"Wewe utanishikia daftari tu. Habari za watu waliokuja juzi hazimo humo."

Babu yake alikuwa akimsimulia tangu utotoni kwamba Amos Peaslee, mwanzilishi wa ukoo wao mjini hapo, alikuwa kapteni katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza. Lydia alikwisha mchora daftarini na kofia yake ya kikapteni, akaandika chini: Amos na mkewe Mehitabel.

Katika ofisi ya mji, karani aliwaletea kitabu kikuukuu cha kumbukumbu. Drita ndiye aliyeliona jina. Akasoma polepole:

"Machi 1762. Amos Peaslee, asiye na kazi wala mali, na mkewe Mehitabel na watoto watatu, wageni katika mji huu, wameamriwa kuondoka ndani ya siku kumi na nne, wasije wakawa mzigo kwetu."

Uso wa Lydia uliwaka. "Huyo si wetu."

"Mkewe Mehitabel. Umeandika mwenyewe hapa daftarini."

"Nimesema si wetu. Ukifungua mdomo, nitasema hujui kusoma maandishi ya kale. Nani atakuamini wewe?"

Drita alimtazama kama anayetazama maziwa yaliyoharibika. "Andika upendavyo. Ila jina langu lifute."

Jioni Lydia alimfuata babu yake jikoni. "Babu, nani alikwambia Amos alikuwa kapteni?"

"Shangazi yangu Eunice. Alikuwa akitafuta kukubaliwa katika chama cha watu wa koo bora."

"Ukahakikisha?"

Mzee alikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Sikutaka kuhakikisha, mjukuu wangu."

Lydia aliuchana ule mchoro, akaanza kuandika upya.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasoma yote: umaskini, amri ya kuhama, na jinsi Amos alivyokaidi akabaki, kama mawe ya makaburini yanavyoonyesha. Ukapteni, alisema, haukuonekana popote.

"Kumbe nanyi ni wakuja!" mtu alidakia kutoka nyuma. Darasa likacheka.

Lydia alisubiri kicheko kiishe. "Aliyeipata habari hii ni Drita. Nilimtisha ili anyamaze, na nimemdharau muda mrefu. Nilikosea."

"Ulikosea kweli," alisema Drita. Kisha akamsogezea kiti akae.

Mwalimu Corliss alisimama.

"Mtu asiye na sifa yake mwenyewe huazima ya marehemu," alisema, "kwa kuwa marehemu hawezi kumkana. Lydia angeweza kutuletea kapteni, tukampigia makofi. Badala yake amesema kweli inayomwaibisha. Ukweli huo hakuurithi kwa Amos wala kwa mtu mwingine. Ni wake mwenyewe, na hiyo ndiyo sifa ninayoiheshimu."