Mgeni Katika Nyonga ya Bi Mkasi

Hereni ndizo zilizoanza. Bi Mkasi alikuwa amezivaa miaka thelathini bila shida, kisha asubuhi moja, miezi minane baada ya kuwekewa nyonga ya chuma hospitalini, masikio yakavimba yakatoa maji. Akazivua huku akicheka. "Uzee huu umeanza kuchagua mapambo."

Alikuwa mshonaji, ila jina hilo la utani wateja walimpa kwa sababu ya ulimi wake, si kazi yake. Wiki iliyofuata mkasi wenyewe ukamchoma. Vidole vikatoka malengelenge, akawa anaufunga kitambaa kabla ya kuushika. Nyonga nayo ikaanza kulia kila anapoinuka, kwi, kwi, na chumba cha kushonea kikanuka kutu. Binti yake aliinama chini ya cherehani, akasogeza majora yote ya vitambaa, asijue harufu inatoka wapi.

Daktari wa mifupa akampiga picha. "Chuma kimekaa vizuri, mama. Hakijasogea hata chembe."

"Basi kinachonitafuna ni nini?"

Akaagiza damu ipimwe. Majibu yangechukua wiki tatu. Binti hakuweza kungoja. Alikuwa na mama tu duniani, na sasa mama huyo hawezi hata kushika sindano. Siku ya pili akaleta mganga, mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

Mganga aliweka ufunguo juu ya kiganja cha Bi Mkasi, akaufunga kwa kitambaa, wakasubiri. Ulipoondolewa, ngozi ilikuwa imeinuka, nyekundu, kwa umbo lile lile la ufunguo.

"Majini hawapatani na chuma," alinong'ona. "Yumo."

Ilikuwa saa tisa mchana, madirisha wazi. Mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma ile harufu ya kutu ikapanda kutoka sakafuni, ikawajaa puani, ikawakaa ulimini kama wameng'ata msumari, na nyonga ikawa inalia ingawa Bi Mkasi ameketi bila kutikisa hata kidole, kwi, kwi, kwi, mpaka mdomo wake ukafunguka na ikatoka sauti ya kiume, ya mtu aliyechoka kwa kukesha zamu.

"Mnamfukuza nani?"

"Wewe," mganga alisema. "Uliingia lini?"

"Sikuingia. Nilizaliwa naye. Alipougua surua utotoni, nani alipigana? Alipokanyaga msumari, nani alikaa kwenye kidonda? Mkamlaza usingizi, mkaniletea mgeni ndani ya mfupa. Anamwaga unga wa chuma kwenye damu, usiku na mchana. Mtoeni yeye."

Binti alimshika mganga mkono. "Babu, tumsikilize. Labda anasema kweli."

"Wote husema hivyo, mwanangu. Umeshaona jini anayekiri kosa?"

Binti akamtazama mama yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na malengelenge yamefika kwenye viwiko. Chuma kikitolewa, mama hatatembea.

"Mtoe huyo jini," alimwambia mganga.

Bi Mkasi alitetemeka mara tatu. Pazia likainuka bila upepo, likatua.

Kesho yake ngozi ilikuwa safi. Alivaa hereni, akaenda sokoni kwa miguu yake, akarudi na umbea wa mtaa mzima. Binti alilia kwa furaha jikoni, peke yake.

Siku ya nne sindano ilimdunga kidoleni. Kidole hakikuvimba, hakikuwa chekundu, hakikuuma. Bi Mkasi akaendelea kushona. Siku ya sita binti alimletea chai, akaona kidole ni cheusi mpaka kwenye kiganja, na weusi wenyewe unapanda mkononi polepole, na mama yake anaimba, anakanyaga cherehani, hajui lolote.

"Mama, mkono!"

"Mkono umefanya nini? Sisikii kitu." Kisha akainamisha kichwa, kama anayesikiliza watu sebuleni. "Hebu nyamaza kidogo. Mbona wanaingia wengi hivi?"

Binti akatoka mbio mpaka barabarani, mchana kweupe, majirani wakimtazama, akimwita jini wa mama yake arudi.